Aliyeachwa Nyikani: Kitabu cha Jenerali na Maji ya Daudi

Kitabu cha kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck juu ya vita vya Afrika Mashariki kilichapishwa Ujerumani mwaka 1920, na mwaka huohuo kikatoka kwa Kiingereza. Ni kitabu kirefu, kimejaa mapigano, mito, milima na majina ya maofisa. Katika sehemu inayoeleza miezi ya mwanzo ya vita yamo maelezo mafupi ambayo msomaji anaweza kuyapita bila kushtuka. Mwandishi anasema ilipata kutokea kwamba askari Mwafrika aliyejeruhiwa, akijua kuwa hana tumaini na kuwa simba ni wengi, aliachwa porini wala hakulalamika. Kwa hiari yake aliwapa wenzake bunduki na risasi zake ili angalau wao wapone. Baada ya hapo kitabu kinaendelea na habari nyingine za vita.

Ninaomba tusimame hapo. Mwandishi ameeleza tukio hilo kwa heshima, na anataka tumsifu askari huyo. Msomaji Mkristo atamsifu upesi, kwa maana tangu mafundisho ya Kipaimara tunajua kwamba kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki ndiyo kilele cha upendo. Swali langu ni kama sifa hiyo imesimama juu ya ukweli, na kama kanisa linaweza kuirudia vilevile ilivyoandikwa. Ninauliza kwa sababu sifa ya namna hiyo tunaitumia sana katika sharika zetu, hata pale ambapo hakuna vita.

Watu wachache na baruti

Kwanza tuelewe ni kazi gani iliyompeleka askari yule porini. Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914, Lettow-Vorbeck alikuwa Luteni Kanali na mkuu wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao, nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Mwezi huohuo watu wake waliiteka Taveta, upande wa pili wa mpaka. Mwanzoni mwa Novemba walilishinda Tanga jeshi lililotoka India kwa meli. Januari 1915 walishinda tena Jasini, mpakani kaskazini ya Tanga, lakini ushindi huo uliwagharimu sana. Maofisa kadhaa walikufa, na risasi zipatazo 200,000 zilitumika. Mkuu wa jeshi akapiga hesabu akaona kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza kupigana vita vitatu tu vya namna hiyo. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, na hakujua kama shehena nyingine ingefika.

Hapo akabadili njia. Badala ya kupeleka jeshi kubwa akapeleka vikundi vidogo, vingine vya watu kama kumi hivi, Wazungu na Waafrika pamoja, waende kwa miguu kutoka upande wa Kilimanjaro hadi kwenye reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa kupita Voi na Tsavo kwenda Nairobi na Kisumu. Walibeba baruti, bunduki, chakula kidogo na maji. Siku hizi tungewaita makomandoo. Kazi yao ilikuwa kutega baruti chini ya reli, kubomoa madaraja, kukata simu, na kurudi.

Sisi wa bonde la Kilombero reli tunaijua, maana TAZARA inapita kwetu. Tunajua treni ikikwama wilaya nzima inasikia. Kwa hiyo si vigumu kuelewa kwa nini Waingereza walihangaika. Walianza kutanguliza mabehewa yenye mchanga mbele ya injini ili yaruke kwanza. Wajerumani nao wakatengeneza mitego iliyoyaacha mabehewa ya mbele yapite, ikalipuka baadaye chini ya injini. Kila upande ulitumia akili yake yote.

Lakini jambo ambalo sisi wa huku tunapata shida kulipiga picha ni nyika yenyewe. Kwetu taabu ni maji kuzidi. Masika yakikaza, Kilombero inafurika, na njia za mashambani zinageuka mito. Kati ya Taveta na Voi ni zaidi ya kilomita 100 za vichaka vya miiba, na maji ni ya kubahatisha. Ramani zilikuwa mbovu. Kikundi kilichokosa kisima siku moja kilikuwa mashakani siku ya pili. Kitabu kinasimulia kiu hiyo bila kuficha. Watu walikufa nayo, na wengine walifikia kunywa mkojo wao wenyewe. Mgonjwa au majeruhi alikuwa msiba kwa kundi zima, kwa kuwa watu wachache wenye kiu hawawezi kumbeba mwenzao siku kadhaa. Mwandishi anasema mara nyingine majeruhi alibebwa mpaka kambini, na anakiita kitendo hicho kazi kubwa mno. Mara nyingine haikuwezekana. Ndipo linapokuja lile tukio la bunduki na risasi.

Wema wa kitabu

Haki ni kusema kwanza kitabu kinafanya vizuri nini. Lettow-Vorbeck haandiki kwa kujigamba sana, na hajaribu kuifanya nyika kuwa bustani ya uwindaji kama walivyofanya Wazungu wengi wa wakati wake. Anaeleza uchovu, homa, njaa na makosa ya ramani. Anawasifu askari Waafrika waliopigana pamoja naye. Mwanajeshi aliyeandika mwaka 1920 angeweza kutomtaja kabisa majeruhi aliyeachwa, na sisi leo tusingejua kwamba aliishi. Kwa hilo tumshukuru.

Pia simhukumu yeyote katika wale waliomwacha. Mimi sijatembea siku tatu bila maji, nikiwa na mwenzangu anayevuja damu na adui nyuma yangu. Yawezekana kabisa kwamba kama wangembeba wangekufa wote. Wako wazee katika sharika zetu waliokwenda vitani Uganda mwaka 1978 na 1979, nao wanajua kuliko mimi kwamba vita humweka mtu mahali ambapo kila njia ina msiba wake. Ninachokipima hapa ni usimulizi wao. Kumwacha mtu kwa kushindwa kumbeba ni jambo moja. Kuligeuza hilo baadaye kuwa hadithi nzuri, ambamo hata aliyeachwa anaonekana kuridhika, ni jambo lingine.

Nani aliyejua kwamba hakulalamika?

Tuliangalie neno la hiari. Lettow-Vorbeck hakuwepo porini siku hiyo. Habari ilimfikia kupitia kwa wale waliorudi. Waliorudi walikuwa na bunduki ya mwenzao mikononi, na bila shaka waliulizwa imekuwaje. Walijibu kwamba alitoa mwenyewe. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda alitoa akilia. Labda alimtaja mama yake, au aliomba apigwe risasi asiliwe na simba, au aliwalaani. Mtu mmoja tu angeweza kutupa habari nyingine, naye ndiye ambaye hakurudi. Kwa hiyo sifa ya kutolalamika imeandikwa kwa ushahidi wa upande mmoja, na upande huo ulihitaji sana kuamini hivyo ili uweze kulala usiku.

Tuangalie pia majina. Kitabu kinataja Wajerumani wengi kwa majina na vyeo vyao, wakiwemo wale walioanguka. Huyu hana jina, wala kabila, wala kijiji, wala cheo. Maelezo yenyewe yanaonyesha kwamba tukio la namna hii lilitokea zaidi ya mara moja, hivyo wako zaidi ya mmoja wasio na majina, na wote wamewekwa ndani ya mfano mmoja wa uaminifu. Bunduki katika jeshi ilikuwa na namba yake, na mwanzoni mwa 1915 bunduki na risasi zilikuwa haba. Bunduki ilirudi kambini.

Kisha tuangalie wakati. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Versailles, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba haikustahili kuwatawala Waafrika. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu ambamo askari Mwafrika anakufa kimya kwa ajili ya wenzake chini ya bendera ya Kijerumani. Sisemi mwandishi alitunga. Nasema alijua hadithi ya namna hiyo ina kazi gani mbele ya wasomaji wake. Kwa miaka mingi baadaye Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudi walimtaja askari mwaminifu kama shahidi wao. Aliyeachwa nyikani aliendelea kutumika hata baada ya kufa.

Jambo moja zaidi kuhusu mwandishi linatusaidia kumsoma. Mwaka 1904 alikuwa Namibia, katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha, wakati Waherero waliposukumwa kuingia Omaheke, jangwa lisilo na maji, nao wakafa kwa kiu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto. Kwa hiyo kiu haikuwa habari ngeni kwake. Alikuwa amekwisha kuiona ikitumiwa kama silaha juu ya taifa zima. Mtu kama huyo anapoandika juu ya Mwafrika anayekufa nyikani bila kulalamika, msomaji ana haki ya kuuliza kama mwandishi amezoea kuwaona watu weusi wakifa jangwani.

Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha aina mbili za wanateolojia. Yuko wa utukufu, ambaye macho yake yamezoea ukuu na ushindi hata anauita ubaya wema. Na yuko wa msalaba, ambaye analiita kila jambo kama lilivyo. Nikikipima kitabu hiki kwa kipimo hicho, ninaona kwamba mahali pa kiu na ramani mbovu kinaliita jambo kama lilivyo. Kikifika kwa majeruhi aliyeachwa, kinaingia katika utukufu. Kilichokuwa msiba kinaandikwa kama pambo.

Maji ambayo Daudi hakuyanywa

Biblia nayo ina kikosi chake kidogo. Katika 2 Samweli 23, Daudi yuko katika pango la Adulamu, na ngome ya Wafilisti iko Bethlehemu, mji wa kwao. Ana kiu, na anatamka kwa sauti tamaa ya kunywa maji ya kisima kilicho langoni mwa Bethlehemu. Mashujaa watatu wanamsikia. Wanapenya katikati ya adui, wanateka maji, wanarudi nayo. Kama ni makomandoo, hawa ndio hasa: watu watatu, usiri, hatari, na kurudi salama.

Tungetarajia mfalme ayanywe na kuwasifu. Daudi anakataa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa machoni pake maji hayo yamekuwa damu ya watu walioziweka roho zao rehani. Baadhi ya wasomaji huona kwamba amewadharau, amemwaga jasho lao chini. Mimi naona ndiyo heshima pekee iliyomfaa mkuu. Alitambua kwamba neno lake la ovyo lingeweza kuwaua watu, na akakataa kujiburudisha kwa hatari yao. Sifa angeweza kuitoa bila kupoteza chochote. Kuyamwaga maji kulimwacha na kiu yake.

Hapa ndipo ninapomlinganisha na jenerali wetu. Yeye maji aliyanywa. Hatari ya wale wadogo ikawa sehemu ya sifa yake, na mwaka 1919 alipita Berlin akishangiliwa.

Mmisri wa kijito cha Besori

Habari ya pili iko katika 1 Samweli 30, na inakaribia mno ile ya nyika ya Taveta. Waamaleki wameuvamia Siklagi, mji alimokaa Daudi, wameuchoma na kuwachukua wake na watoto. Daudi na watu wake wanawafuatia. Njiani watu 200 wanashindwa kwa uchovu, wanabaki kwenye kijito cha Besori. Mbele zaidi, kondeni, wanamkuta kijana wa Kimisri amelala. Ni mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, na bwana wake akamwacha. Siku tatu mchana na usiku hajala mkate wala kunywa maji.

Angalieni mpangilio wa mambo. Kwanza wanampa chakula na maji, hata tini na zabibu kavu, mpaka roho yake inamrudia. Baada ya hapo Daudi anamwuliza yeye ni wa nani na anatoka wapi. Ndipo kijana anasema kwa kinywa chake mwenyewe. Anaeleza kwamba aliachwa kwa sababu aliugua, wala hakuna mahali anapodai kwamba alikubali kuachwa. Na anaongeza neno la kutisha: yeye mwenyewe alikuwamo katika uvamizi, na Siklagi waliuchoma wao.

Daudi alikuwa amewapa maji mmoja wa waliomchomea nyumba.

Neno hili linatuhusu sana sisi wa bonde hili, na lazima niliseme wazi ili nisije nikatengeneza pambo langu mwenyewe. Askari wa Mjerumani hakuwa malaika. Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, Wambunga na Wapogoro walipoishambulia boma ya Mahenge, waliowamiminia risasi kutoka juu ya ukuta walikuwemo askari Waafrika. Baada ya hapo jeshi hilo lilichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1917 vita vya Lettow-Vorbeck vilipofika Mahenge na Kilombero, majeshi yalikula chakula cha wananchi na kuchukua wanaume kuwa wapagazi, mpaka Wabelgiji walipoingia Mahenge Oktoba mwaka huo. Ukimsimulia mjukuu wa Kiberege au Ifakara habari za askari aliyeachwa, anaweza kukujibu kwamba askari huyohuyo ndiye aliyechoma ghala la babu yake. Na anaweza kuwa sahihi.

Lakini Daudi hakungoja kujua hayo ndipo atoe maji. Kijana wa Kimisri hakupewa kwa sababu hana hatia, wala kwa sababu alivumilia vizuri. Alipewa kwa sababu alikuwa mtu mwenye kiu. Kitabu cha jenerali kinamheshimu aliyeachwa kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mkimya. Je, kama angepiga kelele, angepata hata hayo maelezo mafupi? Maandiko hayakuweka sharti hilo. Kijana yule alilalamika juu ya bwana wake, akakiri na kosa lake, na yote mawili yakaandikwa.

Nikiri kwamba Biblia nayo haikututajia jina la kijana huyo. Ila imeacha sauti yake. Na liko jina lingine ambalo imelitunza kwa ukaidi mkubwa. Ile sura ya 23 ya 2 Samweli, baada ya habari ya maji, inaorodhesha mashujaa wa Daudi mmojammoja, na wa mwisho katika orodha ni Uria Mhiti. Tunajua habari za Uria. Daudi aliyeyamwaga maji kule Adulamu ndiye aliyeandika barua kwamba Uria awekwe mbele penye vita vikali, kisha wenzake warudi nyuma wamwache. Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba barua hiyo. Mwandishi wa kifalme angeweza kulifuta jina hilo kwa aibu. Lilibaki. Na Mathayo, anapoandika nasaba ya Bwana wetu Yesu Kristo, analitaja tena katika sura ya kwanza, kana kwamba hataki tufike Bethlehemu bila kupita penye kaburi la askari aliyeachwa makusudi.

Huo ndio uandishi wa msalaba. Haumlindi mkuu, hata akiwa Daudi.

Makomandoo wetu

Nimesema sifa hii inatumika pia pasipo vita. Tusikilize tunavyosema kanisani. Tuna makomandoo wa maombi, tuna jeshi la Bwana, tuna mashujaa wa imani. Lugha hiyo ina mizizi katika Maandiko, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale tunapochukua na ile desturi ya jenerali, ya kumsifu anayeumia kwa kuwa tu hasemi.

Uko mfano ambao wengi wetu tunaufahamu. Mwinjilisti anatumwa kwenye mtaa wa mbali, ng'ambo ya mbuga. Posho yake inachelewa miezi. Masika anavuka maji ya kiunoni kwenda kuzika. Mke wake analima peke yake. Akija mjini kwenye kikao tunamsimamisha mbele, tunampigia makofi, tunasema: huyu ni askari kweli, hajawahi kulalamika! Anaketi. Kikao kinaendelea na ajenda nyingine. Tumeyanywa maji yake.

Au mama anayemuuguza mumewe mwaka wa tano. Jumapili anatajwa kuwa mfano wa uvumilivu, na kila anayemwona anasema Mungu amempa neema ya pekee. Ameambiwa hivyo mara nyingi hata hawezi tena kusema kwamba amechoka, maana akisema ataonekana ameipoteza neema. Sifa imekuwa kizibo mdomoni mwake. Na sisi tuliomsifu tumepata nafuu, kwa sababu mtu mwenye neema ya pekee hahitaji zamu ya kusaidiwa usiku.

Kutolalamika kunaweza kuwa tunda la Roho. Kunaweza pia kuwa dalili kwamba mtu ameacha kutarajia kusikilizwa. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana, na jenerali hakuwa na namna ya kuyatofautisha kwa sababu hakwenda kuuliza. Kanisa linayo namna: kukaa karibu, kutoa maji, halafu kuuliza. Zaburi zimejaa vilio na malalamiko, na hakuna aliyeziondoa katika kitabu cha ibada. Bwana Yesu mwenyewe msalabani alisema kwamba ana kiu, na akamlilia Baba akiuliza kwa nini ameachwa. Kama kutolalamika kungekuwa kipimo cha uaminifu, Mwana wa Mungu angekuwa ameshindwa Golgotha.

Wako watakaosema kwamba kazi ya Bwana haifanyiki bila watu wa kujitoa, na kwamba tukianza kuhesabu machungu, hakuna atakayekubali kutumwa. Ni hoja nzito, na mimi mwenyewe ninaishi kwa kujitoa kwa watu wa namna hiyo. Lakini tazameni kilichotokea kwa Daudi baada ya ushindi juu ya Waamaleki. Baadhi ya wapiganaji walisema wale 200 waliobaki Besori kwa uchovu wasipewe nyara. Daudi akakataa, akaamuru aliyebaki penye vyombo na aliyeshuka vitani wagawane sawasawa, na amri hiyo ikawa sheria katika Israeli. Watu waliendelea kumfuata. Hawakuogopa kutumwa na mkuu ambaye walijua kwamba siku wakichoka hatawafuta katika hesabu.

Kila tarehe 25 Julai taifa letu linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika kalenda ya kanisa pia tunawakumbuka waliolala, na majina husomwa. Ninapendekeza jambo dogo kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi. Kabla ya kumsifu mtu hadharani kwa uvumilivu wake, mmoja wetu aende kwake siku ya kazi, bila kamera na bila risala, akiwa amebeba kitu cha kula. Akae mpaka mwenyeji awe ameshiba na kupumzika. Halafu aulize kama Daudi alivyouliza, na asikilize hata kama jibu litakuwa malalamiko juu yetu sisi. Mambo yatakayosemwa yaandikwe katika kumbukumbu za baraza, pamoja na jina lake, na kikao kisifungwe kabla ya kuamua nani atakwenda kumpokea mzigo.